Kilo za Mama

Juzi uwanjani Malindi, karani alitupima uzito sisi na mizigo yetu, kwani rubani wa ndege ndogo hupanga viti kwa kilo. Mama mmoja mnene wa mtaa wa Barani, aliyekuwa akimuwahi bintiye aliyelazwa Mombasa kujifungua, akagoma mbele ya foleni nzima.

"Mwanangu, mimi si nguru wa kupimwa sokoni!"

Karani hakubishana. Alipanda mizani yeye, akasoma kilo zake kwa sauti, watu wakacheka. Kisha akaigeuza mizani, namba zake azione yeye karani tu.

"Tafadhali, mama."

Mama akapanda. Karani akaandika, kiganja kimefunika karatasi.

Zamu yangu, nikamnong'oneza, "Yule mama kilo ngapi?"

"Ndege inamweza," akajibu. Zangu akazitangaza uwanja mzima. Nilistahili.