Mtoto wa Mwalimu Nimeshamkata

Mama Pindo alifundishwa kushona na shangazi yake, na shangazi huyo alikuwa na amri moja: usitaje nguo, mtaje mwenye nguo. "Ukisema unashona suruali, utashona suruali tu, wala haitamkaa mtu. Sema unamshona fulani, utalikumbuka bega lake lililoshuka."

Kwa miaka thelathini na moja alizungumza hivyo. Hakusema "nimeikata", alisema "nimemkata". Mteja akiulizia suti ya mumewe aliambiwa, "Mzee wako nimemkata jana, leo namuunga." Bibi harusi mmoja aliambiwa mbele ya mama mkwe kwamba amefumuliwa kiunoni mara mbili na bado anabana. Sisi wenye vyumba vya biashara kwenye ukumbi ule wa chini ya jengo, unaoshukiwa kwa ngazi, tulishazoea. Chumba chake kinatazamana na changu, mimi natengeneza saa, ndiyo maana huniita Bwana Dakika, na kati yetu ni hatua nne. Jina la Pindo tulimpa sisi, kwa sababu pindo la suruali likipinda hata upana wa uzi, analifumua lote.

Vifungo na matundu yake vilishonwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anayekaa mtaa wa pili. Kila asubuhi Mama Pindo alimtumia ujumbe wa sauti, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Jumanne moja aliutuma kama kawaida. Nauandika hapa kama ulivyokuwa:

"Wifi, za asubuhi. Cherehani imepona, nimeitia mafuta. Sasa sikiliza. Yule mtoto wa mwalimu nimeshamkata. Miguu nimeifupisha, alikuwa mrefu mno. Shingo imenisumbua, nimeifumua mara mbili. Mkono mmoja siuoni, nadhani umeangukia nyuma ya meza. Vipande vilivyobaki nimevitia kwenye mfuko mweusi. Njoo umchukue kabla mama yake hajaja kumtafuta."

Alikuwa anashona sare ya shule. Lakini kwenye simu yake "Wifi" na kundi letu la "Wapangaji" vilikuwa vimekaa juu na chini, na kidole kikagusa cha juu.

Tulicheka sana. Mwenye duka la rangi aliandika, "Mama Pindo, polisi wako njiani." Naye akajibu, "Jamani, nimekosea mlango. Hao polisi waje na suruali zao, niwapime kabisa."

Baadaye, mambo yalipoharibika, tulihesabiana: watu kumi na mmoja kati yetu walikuwa wameutuma ujumbe ule nje ya kundi. Mmoja wao ni mimi. Nilimtumia shemeji yangu na kuandika, "Msikie fundi wetu." Nani aliyeutoa ukaenda mbali, hatutajua. Huenda ni sote.

Alhamisi mchana shemeji yuleyule alinitumia ujumbe. Alikuwa amesahau kwamba ulitoka kwangu, au hakuutambua tena. Juu kulikuwa na picha ya mtoto wa miaka saba, amepotea tangu Jumatatu katika mji mwingine. Chini, kwa herufi kubwa: MWANAMKE HUYU NI NANI? SIKILIZA MWENYEWE. TUMA KWA WATU KUMI. Shemeji aliongeza la kwake: "Chungeni watoto huko kwenu." Nikasikiliza. Salamu kwa wifi haikuwepo. Cherehani na mafuta yake havikuwepo. Sauti ilianzia kwenye "nimeshamkata" na kuishia kwenye "mfuko mweusi", imerudiwa mara mbili.

Nilivuka zile hatua nne nikiwa na simu mkononi. Mama Pindo alisikiliza amesimama, tepu ya kupimia shingoni.

"Huyu ni mimi, Bwana Dakika?"

"Ni wewe."

"Mbona natisha hivi?"

Aliomba asikie tena, nikakataa.

Ijumaa asubuhi alikwenda kununua mkate. Alisema maneno mawili tu, "Nipe mmoja," na mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka, akamtazama mdomo. Mkate ulibaki palepale kaunta. Kutoka hapo alikwenda kituo cha polisi. Ofisa wa zamu aliandika maelezo, akamshauri akae nyumbani siku chache.

"Nikijificha, si ndiyo nitakuwa nimekiri?" aliniambia aliporudi. Alisema kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. "Na mwalimu anamtaka mtoto wake kesho." Akasita, akajisahihisha: "Anaitaka sare yake."

Siku hiyo hakuongea na mteja yeyote. Aliwaandikia bei na tarehe kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Nguo anaweza kubadili, na nywele anaweza kufunika, lakini sauti angeiweka wapi?

Jumamosi saa nne asubuhi wakaja. Kwanza wanaume wawili na mwanamke mmoja, ambao nilikuwa sijawahi kuwaona. Nyuma yao, kwenye ngazi, wakaanza kujaa wengine, kila mmoja na simu yake, na kila simu ikimtamka Mama Pindo kwa wakati wake. Nimeshamkata. Nimeshamkata. Miguu nimeifupisha. Ukumbi wote ulikuwa unaongea kwa sauti yake, na yeye mwenyewe alikuwa kimya, ameinamia meza, anabana mkono mpya wa shati. Nilimwona akichukua pini na kuzitia mdomoni, moja baada ya nyingine, mpaka midomo ikajaa.

"Mama, shikamoo," alisema yule mrefu. Adabu yake ilinitisha kuliko kelele. "Tunamtafuta mwanamke mwenye sauti hii. Tumeambiwa yuko kwenye jengo hili."

Mama Pindo akatikisa kichwa.

"Humjui, au hutaki kusema?"

"Ana pini mdomoni, kaka," nilisema kutoka mlangoni. "Akiongea atazimeza."

"Azitoe basi. Tuna muda."

"Fundi saa, wewe kaa na saa zako," alisema mwanamke wao. Alikuwa na mtoto mgongoni, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala siku mbili. "Mama, mimi nina watoto wanne. Sema neno moja tu. Sema 'nimeshamkata'."

Mwenzao wa tatu alikuwa ameinama chini ya meza, akavuta mfuko mweusi wa vipande vya nguo. Watu wa ngazini waliuona. Mnong'ono ulipanda ngazi hadi barabarani na kurudi umekuwa sauti. Mtu akaanza kuuvuta mlango wa chuma kuushusha, na mimi nikaushika kwa mabega, nikijua sitauweza.

Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke akipenya ngazini. "Nipisheni jamani, nimechelewa. Mama Pindo, umeshammaliza mtoto wangu?"

Nilisikia saa zangu zote zikigonga ng'ambo ya ukumbi.

Mwalimu alisimama mlangoni, hajui ameingia wapi. Aliwatazama watu, akautazama mfuko uliomwagwa, vitambaa vya buluu vimetapakaa sakafuni. Nyuma ya sketi yake alijitokeza mwanawe wa miaka minane, mdomo umejaa biskuti.

"Mama," aliuliza yule mtoto, "mkono wangu uliopotea umeonekana?"

Mtu mmoja ngazini akacheka, kicheko kifupi cha woga, na wengine wawili wakamfuata. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliokota kipande cha kola, akakigeuza. Yule mrefu hakucheka.

"Na yule wa kwenye picha?"

Mama Pindo akatoa pini. Alizichomeka kwenye kifuko chake moja moja, saba kwa jumla.

"Yule simjui, mwanangu," alisema. "Namwombea kama wewe unavyomwombea."

Wote waliitambua sauti. Niliona jinsi yule mama alivyorudi nyuma hatua moja na kumshika mtoto wake mgongoni, ingawa kola ya sare ilikuwa bado mkononi mwake. Kisha wakaondoka, bila kuomba radhi. Wengine walikuwa bado wanapiga picha.

Mtoto aliyepotea alionekana Jumapili, mzima, kwa ndugu wa baba yake. Habari hiyo niliituma kwa kila niliyemjua. Shemeji alinijibu kwa kidole gumba. Sikuona mtu mwingine akiisambaza.

Sauti haikuisha. Mwezi uliofuata ilirudi na picha ya mtoto wa kike, wa mji mwingine tena. Neno "nimeshamkata" halisemi kama aliyekatwa ni wa kiume au wa kike, kwa hiyo maneno yale yanamfaa kila mtoto atakayepotea.

Mama Pindo bado anashona. Wifi yake siku hizi huandikiwa karatasi. Nguo sasa ni nguo: nimeikata, nimeiunga, njoo uichukue. Wateja wawili wamelalamika kwamba hazikai kama zamani. Kivuli cha mgeni kikianguka mlangoni, huwa namwona akinyoosha mkono kwenye pini.

Wiki iliyopita mwalimu alimleta mwanawe apimwe sare mpya, maana amerefuka.

"Bibi," aliuliza yule mtoto, mikono ameinyoosha, "utanikata lini?"

Mama Pindo alitia pini mdomoni, akampima mabega.