Benchi la Upande wa Migomba

Serikali ilimtuma Kornelio kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, lakini watu wa Mlola walimpokea kama mwalimu wa Kiingereza. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Alitoka kwao Zirai, ng'ambo ya pili ya milima, akiwa na sanduku la bati na elimu ya darasa la nane aliyoipata bwenini, kwenye shule ya misheni. Wazee wa usharika wakampa ghala la zamani la viazi liwe darasa lake. Lilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama migomba.

Siku ya kwanza aliwauliza wanafunzi wake kila mmoja anataka nini.

"Mimi Kiingereza," alisema Hezekia, mzee mwenye kofia ya sufu. "Nimemaliza ujana wangu kwenye chai ya Wazungu. Nilikuwa nikifokewa, najibu yesi bwana. Nataka nijue ni mambo gani yale niliyokuwa nakubali."

Watu wakacheka. Kisha mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akajikohoza. Jina lake Elizabeti, lakini wote walimwita Mama Lucian. Huyo Lucian, mwanawe wa kwanza, alishuka Tanga akiwa kijana, akapata kazi ya upishi melini, na mwisho akatulia huko Uingereza, akaoa na kupata binti. Binti aliitwa Klara. Hajui Kiswahili, Kishambaa ndiyo usiseme.

"Barua zikija ananisomea mchungaji," alisema. "Mtoto ananiuliza habari zangu, anayemjibu ni mtu mwingine. Nataka mjukuu wangu aone mwandiko wangu mimi."

"Mama, kusoma unajua?"

"Ningekuwa najua ningekuja kukaa kwenye baridi hii?"

Kornelio alikuwa mtu wa haya, sauti yake haikufika mbali, lakini kazi yake aliipenda na aliijua. Hakuanza na a, e, i, o, u. Alimwuliza mtu neno analolitaka kuliko yote, akamfundisha kuliandika hilo kwanza, na herufi zikafuata nyuma yake. Neno la Mama Lucian lilikuwa Klara. Kwa kuwa mbao za kuandikia zilikuwa chache, alienda nyumbani akaliandika kwa mwiba kwenye majani ya mgomba, jani baada ya jani.

"Mama Lucian," alisema Hezekia, "mbuzi wako amekwisha kula Klara mzigo mzima. Karibu ataanza kusema Kiingereza."

"Atakupita wewe."

Jambo moja tu liliwasumbua, nalo ni salamu. Kornelio alimwamkia kwa kuwa ni mama mtu mzima. Mama Lucian akakataa kuitikia.

"Humu ndani mkubwa ni wewe. Shikamoo, Mwalimu."

"Mama, usinitafutie laana."

Wakaishia kupeana mikono. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yao: akifika mlangoni ananyosha mkono wake mgumu wenye udongo wa matuta, Kornelio anaupokea kwa mikono miwili.

Jioni za mvua ya manyunyu njia ya kuteremka kwa Mama Lucian iliteleza, na macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu. Basi binti yake wa mwisho, Jenoveva, alikuwa akija kumchukua. Hakuingia darasani. Alisimama nje, kwenye migomba, akisubiri somo liishe, na kwa kuwa alikuwa msichana wa utani, darasa likiitikia naye aliitikia kutoka huko.

"Gudi afutanuni, ticha!" sauti ilisema nyuma ya majani, nyembamba na yenye kicheko.

Kornelio alijifanya hasikii. Lakini alianza kuyaacha maneno ya kuitikiwa mpaka mwisho wa somo, wakati ambao Jenoveva atakuwa amefika.

Siku moja ya gulio walikutana barabarani, Jenoveva amejitwika tenga la kabichi.

"Onga mshi, Mwalimu," alimsalimu kwa Kishambaa. "Hivi huko Zirai hakuna wanawake?"

"Wapo."

"Sasa mbona huendi kuoa?"

"Njia ya kwenda ni mbaya."

"Na ya kushuka kwetu je? Nayo mbaya?"

Kornelio alitembea naye mpaka kwenye mkuyu wa njia panda, na hapo ndipo alipopata nguvu ya kusema. "Nitatuma mtu nyumbani kwenu."

"Tuma," alisema Jenoveva, akashika njia yake bila kugeuka, ila mgongo wake wote ulikuwa unacheka.

Mshenga hakwenda. Si kwamba Kornelio alibadili nia. Alirudi chumbani kwake, akakaa kitandani akifikiri ni nani wa kumtuma, na ndipo lilipomjia jambo ambalo alipaswa kulikumbuka mapema. Siku posa inapopokelewa, mama wa binti anakuwa mkwe. Na mkwe, kwa heshima ya huku milimani, hutazamani naye. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini mwenzake apite. Hampeani mikono. Hamketi chumba kimoja. Kornelio akimposa Jenoveva, siku hiyo hiyo Mama Lucian atasimama aondoke darasani, na hakukuwa na mwalimu mwingine wa watu wazima karibu.

Wakati huo Mama Lucian alikuwa ameanza kusoma mistari mifupi ya Kiswahili kwa kidole. Kiingereza alikuwa bado hajakigusa.

Kornelio akajiambia atasubiri. Mama aandike barua yake moja, basi. Kesho yake mshenga atateremka. Kumwambia Jenoveva sababu hakuweza, kwa kuwa Jenoveva angemwambia mama yake, na Kornelio alimfahamu mama huyo. Angeiacha barua ya Klara palepale, aseme amechoka na masomo, ili asimzuilie binti yake ndoa.

"Ningoje kidogo," alimwambia Jenoveva.

"Nikungoje nini?"

"Kuna kazi naimaliza."

Alidhani ni jambo la miezi. Lakini mtu mzima hajifunzi kama mtoto. Maharage yalipokomaa darasa lilibaki tupu. Mama Lucian akaugua kifua msimu mzima wa baridi. Akapona, akarudi, nusu ya aliyoyajua yamepotea. Kiingereza nacho kilimpiga chenga, maneno yanaandikwa hivi, yanasemwa vile, mpaka akatupa chaki chini siku moja akasema Klara na ajifunze Kishambaa. Kornelio aliiokota chaki, akampa. Kila alipomwongoza mkono kuandika alikuwa akijiona anampeleka polepole kwenye mlango ambao nyuma yake amesimama Jenoveva, na hakuna namna ya kumharakisha.

Mwaka wa Azimio la Arusha, Jenoveva alimfuata darasani mchana wa gulio. Kwa mara ya kwanza hakungoja somo liishe, akamwita Kornelio nje. Ndani, Mama Lucian alikuwa ameinama juu ya karatasi ya barua, ya kweli, siyo ya mazoezi. Alikuwa amefika mstari wa tatu.

"Kuna watu wamekuja nyumbani," alisema Jenoveva. Leo hakuwa na utani. "Wametoka Magoma. Anaitwa Silvano, anafanya biashara ya mahindi. Baba ameniuliza nijibu nini. Nimekuja nikuulize wewe."

Kornelio alikuwa na chaki mkononi. Alitazama dirishani, akaona kitambaa cha kichwa cha Mama Lucian kikienda na kurudi kufuata maandishi.

"Nipe mpaka maharage yavunwe."

"Yapi? Haya ni maharage ya mwaka wa ngapi, Kornelio?"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. Alipoona hakuna neno linalokuja alijifunga khanga vizuri kiunoni, akapita kwenye migomba akateremka.

Barua ya Klara ilikamilika wiki iliyofuata. Wiki hiyo hiyo watu wa Magoma walipokelewa.

Harusi ilifanyika kanisani, na Kornelio aliimba kwaya kama siku zote, safu ya nyuma. Baada ya hapo Silvano alipopanda kusalimia ukweni watu walimwona akiingia kwenye mahindi Mama Lucian apite, kofia ameivua, macho chini. Walimsifu kuwa ni mkwe mwenye adabu. Mama Lucian mwenyewe aliendelea kuja darasani, maana barua moja haikumtosha. Akifika mlangoni alinyosha mkono wake wenye udongo. Kornelio aliupokea kwa mikono miwili, na kila alipoushika alijua kwamba anaushika kwa sababu hakuwa mkwe wa mtu huyo, wala hatakuwa.

Hakuoa. Walipomwuliza alisema njia ya Zirai bado mbaya.

Miaka ya vijiji vya ujamaa ikaja, na elimu ya watu wazima ikawa wimbo wa redio. Ghala lilijaa mpaka watu wakakalia magunia. Afisa mmoja alikuja akasema Kiingereza ni kasumba, wafundishwe kilimo bora na siasa. Kornelio alifundisha kilimo bora na siasa, na Alhamisi akafundisha Kiingereza kwa wale waliokitaka. Hezekia alikuwa bado yupo. Alikwisha kujua alikuwa anakubali nini kule kwenye chai, na alisema bora asingejua.

Alhamisi moja Kornelio alikuwa anasomesha, darasa likaitikia, na sauti ya mwanamke ikaitikia kutoka nje, kwenye migomba.

Chaki ilimponyoka. Alikwenda dirishani. Chini ya dirisha, ukutani, kulikuwa na benchi, na juu ya benchi ameketi mama mmoja wa makamo, amejitanda khanga, ubao wa kuandikia magotini. Alimjua. Ni Mwanamisi, mwanamke aliyehamia kijijini kutoka kambi ya wachuma chai.

"Mama, mbona uko nje? Nafasi ipo."

Mwanamisi alichekea khanga yake. Aliyejibu ni Mama Lucian, kutoka ndani.

"Muache, Mwalimu. Hamisi yuko humu." Alimwonyesha kwa kidevu kijana aliyekaa juu ya gunia la mbele. "Amemwoa binti yake. Kwao nao wana heshima kama sisi. Alitaka kuacha shule, nikamwambia hapana, nikamtolea benchi langu la nyumbani. Atakaa pale, asikie."

"Na heshima?"

"Heshima ni ya uso. Sauti inayopita ukutani haina uso. Mimi mwenyewe Silvano akija namwagiza chumvi nikiwa jikoni, yeye yuko barazani. Mama yangu alimfundisha mume wangu kusuka matenga hivyo hivyo, ukuta katikati. Ninyi huko Zirai hamjui hayo?"

Kornelio alisema hajui. Alilelewa bwenini tangu mdogo, alijua tu kwamba mkwe hasogelewi. Namna ya kuishi naye hakuna aliyemwonyesha.

Alibaki amesimama dirishani akilitazama lile benchi. Lilikuwa limewekwa mahali pale pale. Nyasi za hapo zilikwisha kukanyagwa zamani na mtu mwingine, zikaota tena. Darasa lilikuwa linangoja. Hatimaye Hezekia aliuliza kama somo la leo ni kuhesabu ndizi.

Watu walipotoka Mama Lucian hakutoka. Alikuwa anamtazama Kornelio kwa macho yake mabovu, kichwa ameinamisha upande, kama anavyofanya anapoliona neno gumu na bado hajalisema.

"Jenoveva alikuwa anasimama pale," alisema.

Kornelio alikuwa anafuta ubao.

"Hata siku zisizo na mvua alikuja. Nilidhani ananifuata mimi. Ulikuwa unangoja barua yangu iishe."

Kornelio aliendelea kufuta ubao ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi.

"Mwanangu," alisema Mama Lucian, na hakuwa amemwita hivyo hata mara moja, "ungeniambia. Ningekaa nje. Kwani mimi ni chumvi, niyeyuke?"

"Sikujua kama inawezekana, mama."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Mama Lucian alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, akachukua fimbo yake. Mlangoni Kornelio alinyosha mikono yake miwili kumuaga kama desturi yao. Mama Lucian aliitazama ile mikono, akakunja mkono wake ndani ya khanga, akatoka.

Kornelio alidhani amemkasirikia. Juma zima hakumwona. Alhamisi ilipofika aliingia darasani, akaangalia mahali pake karibu na mlango, hakuna mtu. Akaandika sentensi ya siku ile ubaoni, akaisoma kwa sauti, darasa likaitikia. Kisha zikaitikia sauti mbili kutoka nje.

"Mama Lucian!" Hezekia aliita. "Una nini huko na baridi hii?"

"Kuna hewa," sauti ilijibu. "Soma kitabu chako."

Kornelio hakwenda dirishani. Kutoka aliposimama aliweza kuona ncha ya khanga iliyotandwa kichwani, imeshushwa mpaka usoni kama wanavyoshusha wanawake wanapopita karibu na mkwe. Jioni ile, akiteremka kwenda dukani, alikutana naye kwenye njia nyembamba. Mama Lucian alimwona kwa mbali, akaingia kwenye mahindi, akampa mgongo. Kornelio alivua kofia. Aliinamisha macho, akapita taratibu.