Tawi la Kahawa Kwenye Kifua cha Skuta

Mwezi uliopita, pale Kasulu, nilimkuta fundi kijana akibandua nembo ya skuta kwa bisibisi. Rangi inaruka vipande vipande, na yeye anapiga mluzi. Unanijua mdomo wangu, nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia aache kuharibu mali ya watu, atafute maji ya moto, kitambaa na mshipi wa kuvulia samaki. Akacheka, "Kumbe mama nawe ni fundi?" Nilikwenda kukaa kwenye benchi la duka la jirani.

Mimi si fundi, mwenzangu. Nembo nilizowahi kubandua ni tatu tu, zote za skuta ya Data. Ndivyo tulivyomwita baba. Kwetu Burundi alikuwa mkaguzi wa kahawa, na chama cha wakulima kilimpa skuta ya kijani yenye nembo za bati jekundu zilizochorwa tawi la kahawa: moja kifuani, nyingine kwenye mashavu mawili ya nyuma. Mama hakujua kusoma, lakini tawi lile alilijua. Akisikia mlio kilimani tu, anateleka maji ya ugali.

Vita ilipotufukuza, miaka ya tisini, Mama alibaki nyuma kumchukua bibi, aliyekuwa hawezi kutembea. Data alimwambia, "Ukivuka, usitaje jina langu kwa mtu. Ulizia skuta ya tawi la kahawa." Sisi wawili tukavukia na skuta Mabamba, mpakani upande wa Tanzania, tukaenda hivyo hivyo mpaka kijiji kimoja nje ya Kasulu. Huko mjane mmoja Muha alitupa chumba, akawaambia watu sisi ni ndugu zake. Kiha na Kirundi vinakaribiana, nani angebisha?

Nilipenda pale, sitakuficha. Nilipenda kupukuchua maharage na yule mjane, na harufu ya mawese yakipata moto. Kila ilipopatikana petroli, Data alikwenda Mabamba siku ya gulio, akapita sokoni polepole, akageuza, akapita tena. Alitaka tawi lionekane.

Kisha likaja tangazo kwamba watu wa ng'ambo walioko vijijini wakusanywe, wapelekwe kambini. Mjane akaitazama skuta, akasema, "Hii ndiyo itakayowasema." Data alikaa siku mbili bila kula. Ya tatu akachemsha maji.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kitambaa cha maji ya moto kinalazwa juu ya nembo mpaka gundi ilegee, lakini maji yasiwe yanatokota, rangi itavimba. Mshipi unapitishwa nyuma ya nembo, unavutwa huku na huku kama unakata sabuni ya mche. Gundi inayobaki inapakwa mawese, inasuguliwa kwa kidole gumba, kucha isiguse. Mshipi niliuvuta mimi, Data akishikilia kitambaa. Chini ya nembo rangi ilibaki mpya, umbo zima linaonekana, ikabidi tulifubaze kwa majivu. Huku tukisugua, akanifundisha la kusema: mtu akiuliza tawi la kahawa, hatujawahi kuliona. Akanikaririsha mpaka nikaacha kubabaika. Nilikuwa na miaka tisa, mwepesi wa kushika.

Wiki chache baadaye, Data akiwa shambani, muuza chumvi alisimamisha baiskeli uani kwetu.

"Binti, nasikia hapa mna skuta. Ndiyo ile ya tawi la kahawa?"

Nikasema haina tawi, haijawahi kuwa nalo. Akaizunguka, akaona kijani kitupu.

"Basi siyo. Kuna mama mmoja Mabamba, kila nikipita ananiuliza."

Data alishanionya kwamba watakaokuja watakuja na maneno matamu. Nikarudia somo langu bila kukosea hata neno. Muuza chumvi akaomba maji, nikampa, akaenda zake.

Jioni nilimsimulia Data nikingoja anisifu. Hakunawa hata mikono. Aliwasha skuta akaondoka, akarudi siku ya tatu. Wanawake wa sokoni walimweleza kwamba mama yule alikuwa peke yake, na alipoletewa jibu la muuza chumvi alirudi ng'ambo. Alisema huenda mumewe hakuwahi kuvuka. Tulimtafuta kwa miaka, kambi kwa kambi. Hatukumpata.

Data hakunigombeza hata siku moja. Alisema tu, "Ulisema nilivyokufundisha," na hilo ndilo lililonimaliza. Sasa naye hayupo, mjane hayupo, skuta iliishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Sura ya Mama imenitoka kabisa, nimebaki na sauti yake kidogo.

Usingizi ukinipaa, namwomba Mungu jambo moja tu: muuza chumvi awe hakumwambia kwamba aliyejibu ni mtoto wa kike wa miaka tisa. Afadhali Mama aliondoka akidhani tumekufa, kuliko kujua kwamba mwanawe alikuwa hai na alimkana.