Jeneza Tupu la Wagiriki

Mama alikuwa amekwisha kuwasha jiko. Mkononi ameshika kitabu changu, riwaya ya Wagiriki wa kale niliyoazima kwa mwalimu, na kosa la kitabu lilikuwa picha ya jalada: sanamu ya mungu, uchi wa mnyama. Katika nyumba ya Mkristo, mtaa huu huu wa Jericho! Nami nilikuwa nimefika katikati, jamani, mume wa mtu yuko vitani na sijui kama atarudi. Nikalia, nikaapa, nikabembeleza. Mwisho mama akavuta kigoda, akaketi.

"Haya, nisomee. Nijue ninachochoma."

Kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo nilisoma nikitafsiri, mabusu nikiyaruka. Tukafika kwenye sadaka: watu wanachinja mbuzi, mungu anachomewa mifupa na mafuta, nyama wanakula wao.

"Ala! Mifupa?" Mama akacheka hadi akashika mbavu. "Kumbe mungu wao ananunua nyama Burma kama mimi!"

Mwenye bucha wa soko la Burma alikuwa akimfungia mifupa kila Jumamosi, na kila Jumamosi waligombana. Basi nikajua nimempata. Nikinyamaza kidogo kuvuta pumzi, ananihimiza: "Ehe? Halafu?"

Halafu mume akauawa, na maiti yake haikuonekana. Watu wa mji wakawazika wenzake, na nyuma ya majeneza yao wakabeba moja tupu, la waliopotea. Mjane akalifuata akilia.

"Rudia hapo," mama akasema. Hakuwa anacheka tena.

Nikarudia.

"Sisi tulizika mgomba."

Kaka mkubwa wa mama alichukuliwa kwenda kupigana vita vya Wazungu, asirudi. Kule kwetu magharibi wakakata shina la mgomba, wakalifunika shuka, wakalizika badala yake. Mama alikuwa msichana. Mchungaji akawakemea: huo ni ushenzi, mgomba hauliliwi.

"Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo. Kumbe hata hawa Wagiriki, na elimu yao yote!"

Akavua kitambaa cha kichwa, akaangua kilio, kile cha nyumbani hasa. Jirani akaja mbio, mikono imejaa unga.

"Nani amekufa?"

"Kaka yangu."

"Uuwi! Pole, dada. Lini?"

"Zamani, huyu hajazaliwa." Mama akapenga kamasi, akamsogezea kigoda. "Keti. Atakusomea."