Mama Mkwe Alivyoniona Hadi Ndani ya Kifua

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza, ndipo nanyi mcheke, maana aibu niliyoipata kwa wakwe zangu kule Masisi, wakati wa Wabelgiji, angekuwa mwingine angehamia msituni moja kwa moja.

Mimi ni mtu wa Mpofi, Walikale, seremala. Nilikuwa na ugonjwa ambao sikumwambia mtu: chakula kilikuwa kinakwama kifuani, hakishuki wala hakipandi, basi nikawa nakula peke yangu nyuma ya nyumba, tonge moja, maji, nasimama, nanyoosha shingo (jogoo anayewika, ndivyo nilivyokuwa), halafu tonge lingine. Nimekonda hadi suruali naifunga kwa kamba. Sasa siku tuliyokwenda, mimi na shangazi yangu na wengine wa kwetu, kwa kina Sifa, mchumba wangu, kupanga arusi, baba yake akatuwekea bugali na kuku mzima, nami badala ya kusema tu "Papa, niko na shida ya kumeza," nikaamua kula haraka haraka kama mwanaume, nipendeze.

Tonge la kwanza likakaa. La pili likakaa juu ya la kwanza. Nikasukuma kwa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na hapo vyote vikakata shauri kurudi, bugali jeupe vile vile nilivyolimeza, moja kwa moja kwenye magoti ya baba mkwe!

"Bamemupatia sumu!" shangazi yangu akapiga kelele, hata sijapata pumzi.

Jamani! Kumwambia mtu hivyo nyumbani kwake! Mama mkwe akatoka jikoni mbio (na kwa mila zetu mimi na yeye haturuhusiwi hata kutazamana usoni, nikajifunika kichwa kwa koti), akachukua sahani yangu ile ile, akala yote mbele ya watu, akalamba na vidole.

"Muniangalie! Nimekufa?"

Baba mkwe akajipangusa magoti, akasema, "Hakuna ndoa mpaka tujue ni nini ilirudisha chakula ya muke yangu." Sifa alikuwa analia mlangoni, na mimi ndiye niliyemliza.

Kesho yake tukapanda kilima kwenda hospitali, familia zote mbili. Daktari, Mzungu mmoja mrefu, akanipa kikombe cha dawa nyeupe, nzito kama uji, niinywe nikiwa nimesimama mbele ya radio, ile mashine ya kuonyesha ndani ya mwili. Mama mkwe, aliyekuwa amekataa katakata kubaki nje, akamshika daktari mkono.

"Dokta, onja kwanza! Kwetu mwenye kutoa kinywaji njo anaonja wa kwanza."

Na daktari akaonja kweli, masharubu yakawa meupe! Nikanywa, taa zikazimwa, nami kifua wazi, macho nimeyafumba kwa heshima.

Heshima gani tena! Mama mkwe alikuwa anatazama kifua changu kwa ndani. Muuguzi akamwonyesha kwenye kioo: njia ya chakula imepanuka huko juu, dawa imejaa humo, lakini chini, pa kuingilia tumboni, pamebana, hapafunguki. Basi mama mkwe akafungua dirisha akawaita watu wote waliokuwa uani.

"Haiko sumu! Mulango ya tumbo yake njo inakatala kufunguka!"

Hata wagonjwa wakapiga makofi.

Siku iliyofuata daktari akanimezesha mpira wenye kifuko mwishoni, akakijaza hewa pale palipobana ili papanuke, na maumivu yake acheni tu, machozi yalitoka yenyewe. Lakini jioni nikapewa uji, nikanywa, ukashuka! Ukashuka bila kusimama njiani! Nilitaka kumkumbatia kila mtu wodini.

Tuliporudi, shangazi akaomba msamaha kwa kutoa mbuzi, baba mkwe akakubali arusi, na mama mkwe akapika tena, watu wote wakitazama shingo yangu. Nikameza tonge, likashuka. Nikamsikia kutoka jikoni:

"Kula polepole, mutoto yangu. Ulituogopa juu ya nini?"

Nikalia na tonge mkononi. Tangu hapo nimeapa: hata kidole kikiniwasha, anayenipikia ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua.