Breki ya Majani ya Mpakani

Kaka yangu ni mtu wa mipango, na mipango yake yote huishia mgongoni mwangu. Safari hii alikuwa amezungumza na wageni fulani kule Raskazone akawaahidi njia ya baiskeli ambayo haijapitwa na mtalii yeyote: kutoka Tanga mjini hadi Maramba, kisha kupandisha milima ya Usambara ya Mashariki, kuvuka kipito cha juu kati ya vilele viwili, na kuteremka upande wa pili hadi Muheza. Njia yenyewe alikuwa hajaipita hata yeye. "Tutaipima kwanza mimi na wewe," akaniambia mlangoni kwangu Mabawa. Nilimtukana, kisha nikaenda kujaza upepo.

Niseme mapema kwamba mimi si mpole. Wanawake wengi wa Tanga tunaendesha baiskeli, lakini mimi huendesha na pampu karibu na mkono, na yupo dereva wa bajaji anayeijua pampu hiyo kwa bega lake. Na kaka yangu nimepigana naye tangu tuliponyang'anyana ukoko wa wali. Hata hivyo nisingemwacha aende peke yake, maana angepotea kabla ya Maramba.

Kupanda kulituua. Kila kona tulidhani ndiyo ya mwisho, na nyuma yake ipo nyingine imesimama wima. Kaka alitapika. Mimi niliutukana mlima kwa lugha zote nizijuazo, Kidigo kikiwemo. Tulipofika kwenye kipito upepo ulikuwa wa baridi, harufu ya iliki ikipanda kutoka pande zote mbili, na bonde limefunuka chini yetu, kijani kitupu. Nilifurahi mno, sitaki kudanganya. Nilikaa juu ya jiwe nikacheka peke yangu.

Taabu ya mlima kama ule ni kushuka. Mipira ya breki za kaka iliisha mapema tu, akawa anasimamisha baiskeli kwa soli za viatu. Wabeba ndizi na mbao wa huko wana dawa yao: hufunga tawi zito nyuma ya baiskeli, likaburuta chini, na baiskeli ikashuka kwa adabu. Tulikuwa tumewaona asubuhi, na kaka akataka breki kama yao. Kando ya njia, juu ya kingo ya udongo, palikuwa na safu ya mimea yenye majani marefu, imepangana mstari mmoja, haina tunda wala ua. Akapanda, akang'oa minne pamoja na mizizi na bonge la udongo ili uzito uongezeke. Kingo nzima ikaporomoka nyuma yake. Mimi nilikuwa chini nimemshikia baiskeli.

Kwetu pwani, ukitaka kujua shamba la mtu linaishia wapi, unatazama mkonge, au mnyaa, au mnazi aliopanda babu yake. Mtu wa Tanga haoni mpaka kwenye majani laini. Huko juu mmea ule ndio mpaka wenyewe. Hupandwa na wazee mbele ya mashahidi, na anayeung'oa ni kama amefukua kaburi. Hilo tulifundishwa siku ile ile, kwa panga.

Hatukufika mbali. Kwenye kona ya chini alikuwa amesimama mwanamume wa makamo, jembe begani, panga mkononi. Kaka akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Alikuwa anayatazama majani yaliyoburutwa.

"Hayo mmeyatoa wapi?"

"Pale juu, mzee," kaka akajibu kwa furaha, akidhani anasifiwa. "Yanafaa sana kwa breki."

Yule mtu akapiga yowe lililoitikiwa na bonde zima. Punde akatokea mwingine anakimbia, uso ule ule ila mdogo zaidi. Walikuwa ndugu wa tumbo moja. Baba yao aliwagawia shamba la iliki kabla ya kufa, na tangu azikwe hawakuwahi kula sahani moja. Haya yote tuliyapata kwenye matusi yao, maana hakuna aliyekaa chini kutueleza.

"Umeleta watu wa pwani waning'olee mpaka!" alisema mkubwa.

"Umewaleta wewe, mchawi mkubwa!"

Tulipojaribu kusema kwamba hatumjui yeyote kati yao, wote wawili walitugeukia. Mkubwa alimkaba kaka akamburuta kupanda kilima, mdogo akanivuta mimi kwa mtandio. Nilimpiga na pampu usoni mara mbili. Damu ikamtoka puani, lakini hakuniachia.

Pale juu hapakuwa na kitu cha kuonekana. Udongo ulikuwa umeporomoka, mashimo yamejifukia. "Onyesha ulipong'oa," mkubwa akasema, na panga akaliweka shingoni mwa kaka. Hapo ndipo nilipotambua tulichokifanya. Kaka akionyesha huku, mmoja anapoteza mistari ya iliki. Akionyesha kule, anapoteza mwingine. Na kaka yangu hakumbuki ya jana, seuze ya sasa hivi akiwa na chuma shingoni. Akanyoosha kidole. Mkubwa akakisukuma kushoto. Mdogo akakirudisha kulia. Damu ilikuwa imeanza kumshukia kwenye kola. Niliona kaka yangu anachinjwa kama kuku mbele ya macho yangu, kwa ajili ya majani.

"Ni hapa!" nikapiga kelele. "Nilisimama na baiskeli kwenye jiwe hili, yeye anang'oa juu ya kichwa changu. Mwachieni!"

Nilisema kweli, na kweli ile ilimpendelea mdogo. Mkubwa akamwachia kaka, akageuka, akainua panga. Sikuliona likishuka. Nilisikia mlio kama wa kupasua fenesi. Mdogo wake alikuwa amekinga kichwa kwa mkono, na mkono ulikuwa umefunguka kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja.

Majirani walifika na mawe. Waliona damu, wakatuona sisi wageni, na hawakuhitaji maelezo zaidi. Jiwe la kwanza lilimpata kaka mgongoni, la pili lilinipasua sikio. Baiskeli yake waliikanyaga mpaka rimu zikapinda. Aliyewazuia alikuwa mkubwa yule yule, panga bado linatona. "Ndugu yangu anakufa!" akawapigia kelele. "Ndugu yangu anakufa, na nyinyi mnacheza na mawe!"

Nilitoa mpira wa ndani niliobeba wa akiba, nikamfunga majeruhi juu ya kiwiko, nikakaza kwa goti mpaka akanitukania mama. Damu ilipungua, haikukoma. Kwa mvua ya juzi gari lisingefika kule, na bodaboda wa kijiji alikuwa ameshuka sokoni. Kilichobaki ni baiskeli yangu. Tukampandisha kwenye keria, tukamfunga kwangu mgongoni kwa khanga, na nikaanza kushuka nikijua kabisa kwamba breki zangu haziwezi kubeba watu wawili kwenye mteremko ule.

Breki alikuwa yule kaka mkubwa. Alishika keria kwa mikono miwili, akajilaza nyuma, akachimba visigino ardhini. Kila kona alianguka, akaburutwa kwa magoti, akasimama tena. Kaka alikimbia nyuma na mizigo, akilia waziwazi. Mimi damu ya mtu ilikuwa inanishuka mgongoni ya moto, kisha ya baridi, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Usilale!" mkubwa akabweka. "Usilale, mwizi wa ardhi wee!"

"Mwizi wewe," mdogo akajibu kwa sauti ya chini, kidevu chake begani kwangu.

"Nani mwizi? Sema tena! Sema!"

Wakaenda hivyo bonde zima. Mdogo akinyamaza, kaka yake anamtukania mke, anatukana mbuzi wake, anatukana hata kipaimara chake, hadi tusi lirudi. Mara moja halikurudi. Mkubwa akanyoosha mkono akampiga kofi la kisogoni, na kilio kikatoka. Nikashukuru kusikia kilio kile.

Hospitalini muuguzi alifungua khanga, akatazama, akauliza, "Nani kakukata?"

Midomo ya mdogo ilikuwa ya kijivu. "Nimeanguka na baiskeli."

"Baiskeli gani yenye makali hivi?"

"Yake huyo," akasema, akaninyooshea mimi kidole.

Nilifungua mdomo. Kaka akanifinya mkono kwa kucha mpaka ngozi ikachubuka. Nilikuwa nawaka. Muuguzi alimtazama mkubwa, magoti yake yasiyo na ngozi, shati lake, kisha akakisukuma kitanda ndani bila kuuliza tena.

Tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Mkubwa alisimama ukutani. Daktari alipotoka alisema mgonjwa ataishi. Mkono utabaki, ila vidole huenda visikunjike tena.

"Mungu mkubwa," mkubwa akasema, akavuta pumzi. "Basi akitoka aje aone mwenyewe. Mpaka ulikuwa pale nilipokuwa nasema mimi."

Nilimzaba kibao kilichosikika mpaka dirisha la dawa. Watu wakageuka. Hakuinua mkono kujikinga, wala hakurudi nyuma.

"Niongeze, dada," akasema.

Nikamwongeza. Cha tatu sikuweza, maana alikuwa amekwisha chuchumaa sakafuni, amezikusanya ndala za mdogo wake pale zilipomdondoka, na alikuwa anazifuta damu kwa shati lake, moja, kisha nyingine, kisha ile ya kwanza tena.