Nilinunua gari ndogo ya kwenda kazini Malaba, siku ya kwanza ikanifikisha Uganda

Wakuu, nawasalimu nyote, wenye magari na wale ambao kama mimi mwaka jana mnakula vumbi la magari ya wenzenu.

Wa jukwaa la magari mnanikumbuka. Mimi ndiye niliyeuliza mara nane: gari gani ndogo, mpya kwangu, isiyokula mafuta, ya bajeti ya karani, na ambayo mtu akiiendesha anasikia raha kidogo? Wengi mlinisaidia, wachache mlinicheka, na mmoja aliniambia ninunue punda.

Niliahidi mrejesho. Ndio huu. Sijaongeza chumvi, mambo yenyewe yalikuja na chumvi yake.

Kwanza mnijue. Ni karani katika ofisi ndogo ya clearing pale Malaba. Trela ikitoka Mombasa ikielekea Uganda, sisi ndio tunaoandaa hati zake ndipo ivuke. Nyumbani ni Busibwabo, huku Matayos. Ndiyo, najua Busia ina mpaka wake. Lakini kazi niliipata Malaba, kwa hivyo kila asubuhi naupita mpaka mmoja nikienda kwenye mpaka mwingine.

Bosi wangu tunamwita Madam Auma. Ni mama mkubwa wa umbo na wa sauti, na ana sheria moja: hati ya kwanza ya siku iwe imeingia kwenye mfumo ifikapo saa moja na nusu asubuhi. Hati ikichelewa, trela inapoteza nafasi yake, na mwenye mzigo anahamia kwa jirani.

Kuna msemo wake anaoutumia kwa kila kitu: "Karatasi hutangulia mzigo." Maana yake, mzigo ukifika mpakani ukute hati ziko tayari. Ushikeni huo msemo.

Sasa, nilikuwa nimeshapata barua mbili za onyo.

Ya kwanza, boda boda niliyopanda ilipata pancha njiani pale Adungosi nikafika saa mbili. Ya pili inaniuma mpaka leo, kwa sababu siku hiyo niliwahi. Ila mvua ilininyeshea njia nzima, na faili nililoficha ndani ya koti likalowa. Muhuri wa buluu ukatoka kwenye karatasi ukahamia kwenye shati langu. Niliingia ofisini nimegongwa muhuri kifuani kama nyama ya buchari.

Madam hakucheka. Alisema barua ya tatu haitakuwa ya onyo.

Nina watoto wawili, mke, na mama anayenitegemea kwa dawa. Siku hiyo niliogopa, wakuu. Nikaamua gari si anasa tena.

Zilikuwepo gari tatu za kuchagua.

Ya kwanza, station wagon ya mtu wa Busia mjini, boot kubwa, imara. Mke wangu Everlyne aliipenda sana. Lakini wa huku mnajua: gari yenye boot kubwa si yako, ni ya ukoo. Ikitokea matanga, inabeba sufuria, viti, hema na waimbaji. Kabla hata sijaijaribu, shangazi yangu Nabwire, ambaye sisi humwita Senge, alinipigia simu kuniuliza Jumamosi tutabeba mihogo yake saa ngapi. Jumamosi gani, Senge? Gari gani? Nikaiacha.

Ya pili ilikuwa ile ndefu ya kupandia milima. Mwenyewe aliapa haili mafuta. Nikaizungusha kidogo tu, mshale wa mafuta ukashuka nikiuangalia kwa macho yangu. Nikamrudishia funguo kwa adabu.

Ya tatu ndiyo hii. Sitaitaja jina, mods wasije wakasema natangaza biashara. Imetoka Japani, rangi ya manjano, milango mitatu ukihesabu na ule wa nyuma, gia za mkono, kainjini kadogo. Boot yake inatosha mkate na mwavuli. Mwavuli uwe wa kukunja.

Wasiwasi wangu ulikuwa urefu kutoka chini, maana mlinitisha sana humu kuhusu matuta. Nikaenda barabarani na tepu ya kupimia, nikapiga magoti, nikaanza kupima tuta na kuandika kwenye daftari.

Kumbe watu wananiona. Ndani ya dakika tano habari ilikuwa imezagaa kwamba barabara inapanuliwa. Mama mmoja wa kibanda cha ndizi akaja mbio akaniambia, "Boss, kibanda yangu iko hapa tangu zamani, andika. Fidia mtalipa lini?" Nikamwambia napima tuta tu. Akasema, "Hata last time walisema hivyo." Ilibidi niandike jina lake ndipo aniachilie. Mpaka leo nikipita hapo ananiuliza kama pesa imetoka.

Fundi wangu Etyang, Mteso mmoja mpole sana, aliizunguka ile gari mara mbili.

"Hii ni gari ama ni mtoto ya gari?"

Akaingia, magoti yakafika kifuani, akaipeleka kuelekea Alupe. Nikabaki nimesimama kando ya barabara. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake.

"Mzee, chukua. Hii kitu ukiikanyaga inacheka. Na wewe unacheka."

Nikaijaribu mwenyewe. Wakuu, nilicheka. Mtu mzima, karani, nacheka kwenye kona. Nikanunua.

Everlyne alipoiona aliiita Kifaranga, jina likashika. Jumapili Senge akaja kuiombea, japo bado alikuwa na kinyongo cha mihogo. Akaweka mikono juu ya boneti, akaomba kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani: "Bwana, panua mipaka ya huyu mtoto! Mvushe, Baba! Mvushe!"

Tukasema amina. Laiti ningejua.

Jumatatu nikatoka saa kumi na mbili kasoro. Barabara safi, Kifaranga anacheka, mimi nacheka. Adungosi nikawapungia watu wa boda boda, nikawaonea huruma. Saa moja kasoro dakika kumi nikawa nimefika kwenye mkia wa foleni ya trela pale Malaba.

Foleni ile mnaijua. Nikipanda boda boda huwa tunapita pembeni kwenye vumbi na kumaliza. Lakini siku hiyo pembeni palikuwa pamejaa trela zilizoegeshwa, na ofisi yetu iko mkono wa kushoto, karibu kabisa na geti la mpaka.

Nikakumbuka neno la mtu mmoja humu: "Gari ndogo inapenya popote." Ndugu, kama bado upo, nakutafuta.

Nikaona mwanya kati ya trela mbili. Nikapenya. Nikaona mwingine mbele. Nikapenya tena. Madereva wananishangaa, mimi najiona bingwa. Nikapenya mpaka nikabakiza kama hatua mia moja kufika ofisini, nikatulia katikati ya foleni nikisubiri nafasi ya kukata kushoto.

Hapo ndipo foleni ikaanza kutembea.

Mwenyeji wa Malaba anajua foleni ikitembea husimami. Watu wamekaa hapo siku nzima wakiomba itembee. Mbele yangu trela ya saruji, nyuma trela ya chuma, kushoto lori la mafuta linaloenda sambamba na mimi. Nikaweka indiketa. Nani ataona indiketa ya Kifaranga akiwa amekaa ghorofani? Afisa wa barabarani akanipungia mkono: songa, songa!

Nikaipita ofisi yangu kwa mwendo wa maandamano.

Katikati ya magurudumu ya lile lori nilimwona Madam Auma amesimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi, anaangalia saa ya ukutani. Nikapiga honi. Honi ya Kifaranga inasema "pip". Madam akainua kichwa, akaangalia juu, kwenye trela. Hakuangalia chini.

Halafu nikaona daraja. Halafu nikaona maji ya mto. Halafu nikawa Uganda.

Kwa wasiojua: Malaba iko pande zote mbili za mto, na ukielekea Uganda ukaguzi wote unafanyika ng'ambo ya daraja. Kwa hivyo hakuna aliyeniuliza kitu mpaka nilipokuwa nje ya nchi. Afisa mmoja wa huko, kijana mtaratibu, akainama mpaka usawa wa dirisha langu, akaniita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, hii kamotoka unapeleka wapi?"

"Naenda kazini."

"Kazi iko wapi?"

"Malaba."

"Hapa ni Malaba."

"Malaba ile ingine."

Akaniangalia kwa huruma. "Bambi. Hati za gari?"

Kitambulisho nilikuwa nacho. Kibali cha gari kuvuka, sina. Bima ya kuvukia, sina. Na hizi hati, wakuu, nazijua kama sala ya Baba Yetu, nawaandalia watu kila siku.

"Ajenti wako ni nani?" akauliza.

Nikawaza kumwambia ajenti ndiye mimi. Nikaona mambo yataharibika zaidi. Nikampigia Madam. Ilikuwa saa moja na dakika saba.

"Barasa, uko wapi?"

"Niko karibu, Madam. Hata ofisi naiona."

"Mimi sikuoni."

"Niko ng'ambo ya daraja."

Nikasikia akiweka kikombe chini.

"Uganda? Nani alikutuma Uganda?"

"Gari ndiyo imenileta, Madam."

Akakata simu. Nikajua basi. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini Everlyne, na kama Kifaranga anaweza kufanya biashara ya kusambaza mikate. Mkate mmoja mmoja.

Baada ya dakika chache nikamwona anakuja kwa miguu juu ya daraja, katikati ya trela, kompyuta ndogo kwapani. Hakunisalimia. Aliizunguka Kifaranga mara mbili kama Etyang. Akanipa kalamu na karatasi moja iliyokunjwa, upande mweupe ukiwa nje.

"Andika. Wewe ndiye karani."

Nikaandika juu ya boneti, namba ya injini, namba ya chasisi, rangi, mwenye gari. Nilipofika kwenye maelezo ya mzigo nikauliza niweke nini.

"Mzigo ni wewe," akasema.

Yule afisa akageuka upande wa pili, mabega yakimcheza.

Madam akaingiza kila kitu, kibali na bima, kwenye mfumo yeye mwenyewe, mama mkubwa yule amesimama juani, kompyuta juu ya paa la Kifaranga. Ukijua mlango wa kubisha, kazi huenda haraka. Alipobonyeza kitufe cha mwisho akaangalia saa yake, akashusha pumzi.

Saa moja na dakika ishirini na nane.

"Hati ya kwanza ya leo," akasema. Hakucheka, lakini hakukasirika pia, na hilo lilinichanganya.

Kurudi, akapanda na mimi. Nilisukuma kiti chake nyuma mpaka mwisho na bado magoti yaligusa dashibodi. Upande wa kurudi barabara ilikuwa wazi. Nikakanyaga kidogo. Kifaranga akacheka. Nikasikia sauti nyingine pembeni, nikageuka. Madam Auma alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anasema "Uganda, wewe Barasa, Uganda," mpaka tukafika.

Ofisini akaniambia niiweke ile karatasi kwenye faili. Nikaikunjua ili nitoboe matundu vizuri, ndipo nikauona upande wa pili.

Ilikuwa barua yangu ya tatu. Imechapwa, imesainiwa, imegongwa muhuri. Tarehe tu ndiyo ilikuwa haijajazwa.

Nikavuta kiti nikakaa. Yaani nilikuwa nimeandika gari yangu na jina langu kwenye mgongo wa barua ya kunifukuza, na sikujua.

Madam alikuwa amerudia chai yake iliyopoa. "Karatasi hutangulia mzigo," akasema. "Unajua."

"Najua, Madam."

"Sasa hiyo imeshakuwa hati ya mzigo. Haiwezi kutumika kwa kazi ingine. Toboa, weka."

Nikatoboa. Faili likabaki kwake, lakini alinikubalia nakala ya pande zote mbili. Naiweka ndani ya gari pamoja na bima. Asubuhi nikiona mwanya mzuri kati ya trela mbili, naigusa kwanza.

Somo, wakuu: mkichagua gari ndogo, msiishie kuuliza inaweza kuingia wapi. Ulizeni itatokea wapi. Mengine yote mliyoniambia ni kweli, mafuta haili na raha ipo.

Tangu siku hiyo naegesha nje ya foleni natembea kwa miguu, na sijachelewa tena. Senge nimemwomba akiombea gari nyingine ataje na upande wa kurudi.

Wenye gari ndogo, mwageni yenu hapa chini, nani amewahi kumezwa na foleni? Na nyinyi wa trela, mkifika Malaba tupieni macho chini kidogo. Ukisikia "pip", ni mimi, na siendi Kampala.